Nilimwitikia Akello

Hakuwa Muganda. Nimelisema hili kwa miaka mingi na nimechoka kulisema, lakini mwezi uliopita, tulipokutana mjini Nyeri sisi tuliobaki wa darasa letu la ualimu, Wairimu aliweka kikombe chini akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya viazi, "Ati yule Muganda wetu alienda wapi mwishowe?" Tulikuwa wanawake kumi na mmoja kwenye chumba cha juu cha hoteli, kila mmoja na magoti yake na sukari yake, tukila mandazi tuliyokatazwa na madaktari. Nikamwambia, "Alikuwa Mlangi, wa kule Lira kaskazini mwa Uganda, na jina lake ni Akello." Wairimu akacheka. "Haya mwalimu, Mlangi basi. Alienda wapi?" Wengine waliangalia sahani zao, maana wao wanakumbuka kuliko yeye. Mimi niliinuka, nikachukua mkoba wangu, nikarudi kwangu Othaya bila kuaga. Wamezoea hasira zangu, kwa hiyo walidhani nimekasirishwa na neno Muganda tu. Sasa nimepita sabini, na nisipouandika mwaka ule mimi mwenyewe, utaandikwa na akina Wairimu.

Ya kuzaliwa kwangu na ya ukoo wangu nitayaacha, hayana la kuongeza hapa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika chuo cha masista kilichokuwa juu kidogo ya mji wa Nyeri, ambako tulifundishwa kuwa walimu wa sayansi kimu: kupika, kushona, na kuogesha watoto wachanga kwa kutumia mwanasesere mmoja wa plastiki aliyeng'oka mkono. Bweni letu lilikuwa na vitanda ishirini na sakafu ya saruji, na baridi ya mwezi wa saba ilipanda kutoka sakafuni ikakuingia mifupani hata ukivaa soksi mbili. Asubuhi mlima ulionekana dirishani, mweupe kileleni, na ikifika saa nne ulikuwa umeshajifunika, nasi tukajua ni saa ya uji. Kitanda changu kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni. Cha nne kilikuwa cha Akello, ambaye aliletwa chuoni kwa barua ya padri mmoja wa kwao aliyefahamiana na mkuu wetu, Sista Benedetta. Alifika Januari na sanduku la bati, mkebe wa simsim iliyosagwa, na karatasi ya serikali iliyomruhusu kukaa Kenya kama mwanafunzi, ambayo aliitunza ndani ya Biblia yake.

Tulianza vibaya, na kosa lilikuwa langu kama kawaida. Chakula cha mchana kilikuwa githeri, mahindi na maharagwe, jana githeri, leo githeri, na siku ya kwanza tu alichota kijiko cha simsim kutoka kwenye ule mkebe akakoroga ndani. Nikamwambia anaharibu chakula cha watu. Akanitazama bila haraka, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kutafutatafuta, "Chakula gani? Hii ni mbegu mlisahau kupanda." Meza nzima ilicheka, nami nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaomba kuonja, na tangu hapo tukawa chanda na pete. Darasani alikuwa hodari wa kushona kutupita sote. Aliweza kukata kola ya shati bila kielelezo, mkasi ukienda kama unajua njia, na Mwalimu Gathogo, mzee aliyetufundisha hesabu na kutuita majina kila asubuhi, alikuwa akivaa shati alilomshonea Akello.

Kwao jeshi lilikuwa limeshika serikali, na Walangi na jirani zao Waacholi walikuwa wakiwindwa. Mwezi wa sita ikaja barua ya mjomba wake. Baba yake, karani wa mahakama, alichukuliwa ofisini mchana na watu wenye gari lisilo na namba, akaacha koti lake kwenye kiti, na hakuna aliyemwona tena. Akello alinisomea barua hiyo tukiwa tumekaa kwenye ngazi za jikoni, akitafsiri mstari kwa mstari, na alipofika kwenye koti alirudia mara mbili, kana kwamba mimi ndiye sikuelewa. Dirisha la jiko lilikuwa wazi, na wapishi wetu wawili walikuwa wakimenya viazi huku wakizungumza. "Hao watu wa Uganda watakuja wote hapa," mmoja alisema. "Na sisi tutakula nini? Shamba yangu yenyewe ni robo eka." Mwenzake akamwambia, "Nyamaza, mmoja wao yuko hapo nje." Akello alikunja barua akaenda kuosha uso, na kuanzia mwezi ule hakuna ada iliyomjia tena kutoka nyumbani.

Ile karatasi ndani ya Biblia ilikuwa na masharti mawili, na nayajua kwa moyo hadi leo. Mwenye karatasi asome siku zote za masomo katika chuo kilichotajwa. Mwenye karatasi asifanye kazi yoyote ya malipo. Akipunguza masomo, arudi kwao. Akifanya kazi, arudi kwao. Na asipofanya kazi hana namna ya kulipia masomo, kwa hiyo pia arudi kwao. Sidhani aliyeandika masharti hayo alikuwa mtu mbaya. Alimfikiria mwanafunzi ambaye nyumbani kuna baba, baba ana mshahara, na posta inafanya kazi. Hakumfikiria Akello, ambaye kurudi kwao kulikuwa kwenda kuuawa, na sote tulijua hivyo ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo bwenini.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa Mama Zuhura. Huyu alikuwa Mwislamu wa Majengo, babu yake alikuja na askari kutoka Sudan na bibi yake alikuwa Mkikuyu wa Tetu, na alishona sare za shule kwa maduka ya Nyeri, Murang'a na Kerugoya. Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani tatu, pasi ya makaa, na vitambaa vya bluu na kijani vimerundikwa hadi kwenye boriti, na hapo palinuka udi na kitambaa kipya. Alimpa Akello kipande akishone, akageuza mshono upande wa ndani, akautazama. "Mimi sikuulizi karatasi, mwanangu," alisema. "Mimi naangalia mshono, na huu hauna neno." Kuanzia Septemba, msimu wa sare ulipoanza, Akello alitoroka masomo kila Jumanne na Alhamisi, akapita nyuma ya zizi la ng'ombe la masista, akashuka mjini. Jioni alikuja na vidole vimetobolewa na sindano, akanakili madaftari yangu. Malipo yote aliyapeleka kwa masista kulipia ada, na hakununua hata sabuni ya kunukia.

Asubuhi nilimwitikia. Mwalimu Gathogo aliita majina akiwa ameinamisha kichwa, miwani imeshuka puani, na kile alichosikia ndicho alichoandika kwenye rejista. Sauti ya Akello ilikuwa nzito, ya kutoka kifuani, nami niliweza kuiiga. "Nipo, mwalimu." Lazima nieleze kwa nini sikuona hilo ni uongo, ingawa wasomaji wengine hawatanielewa. Kwetu wanawake hulimiana mashamba kwa zamu, tunaita ngwatio, na mmoja akiugua, mwenzake huchukua mstari wake akaulima pamoja na wa kwake, na jioni hakuna anayesema fulani hakuja. Alikuja, mstari wake umelimwa. Mimi nimekua nikiona mama zangu wakifanya hivyo, na rejista niliiona ni shamba jingine. Masista hawakuona hivyo. Muhula wa pili msichana mmoja, Njoki, aliitikia jina la binamu yake akagunduliwa, na kabla ya chakula cha mchana Miss Nyawira, naibu wa mkuu, alikuwa amemtoa nje ya lango na sanduku lake. Tulimwona dirishani amekalia sanduku hilo akimngoja baba yake. Aliolewa mwaka uleule, ualimu ukaishia hapo.

Mwezi wa kumi na moja, Jumatatu jioni, tulikuwa tukikunja nguo zilizotoka kwenye kamba. Akello akaniambia, "Kesho usiniitikie." Nikamuuliza kwa nini, hutaenda? "Nitaenda. Mama Zuhura ananituma Kerugoya na sare. Lakini wewe usiitikie." Nikauliza tena kwa nini. "Nimeapa nisiseme. Usiitikie tu, Muthoni, tafadhali." Sasa, Jumapili ile tulikuwa tumegombana. Nilikuwa nimemwambia kwamba tangu nianze kujihatarisha kwa ajili yake hajawahi kusema asante, na maneno hayo, najua, hayasemwi kwa mtu aliye katika hali yake. Kwa hiyo niliposikia usiniitikie, nilidhani ni kiburi. Nilidhani anakataa msaada wangu ili anionyeshe, na kwamba angefukuzwa kwa sababu ya kunionyesha. Nikajiambia, huyu mtoto wa watu hajui linalomfaa, mimi najua. Ujuaji huo ndio ninaoujutia kuliko jambo lolote nililowahi kufanya.

Jumanne asubuhi Mwalimu Gathogo akaita, "Akello." Wasichana walinigeukia, kwa kuwa darasa zima lilijua mchezo wetu. Mzee hakuinua kichwa, ila kalamu yake ilisimama, ikingoja. "Nipo, mwalimu," nikasema, nayo ikaandika.

Ilipofika saa tano tulikuwa peke yetu darasani tukikunja pindo za vitambaa vya meza. Karani wa chuo, Bwana Mathenge, akatokea mlangoni akihema kidogo, kwa sababu ofisi ilikuwa bondeni. "Akello yuko?" akauliza. Nilidhani amekuja kukagua, na mdomo wangu ukawahi kuliko akili. "Ametoka sasa hivi, ameenda msalani." Wasichana wengine wakaunga mkono, ndiyo, ametoka tu. Kitambaa cha Akello kilikuwa mezani, nilikuwa nimekitandaza hapo mwenyewe na sindano juu yake. Bwana Mathenge alikitazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akarudi ofisini. Hakusema anaulizia nini, nami sikuuliza.

Jambo lenyewe nilipata kulisikia saa saba, nikiwa kwenye foleni ya chakula, Bwana Mathenge akiwasimulia wapishi kwa fahari. "Polisi wamenipigia simu," alisema. "Huko njia ya Kerugoya wanasaka wageni, wameshika mwanamke ako na furushi la sare. Ati yeye ni mwanafunzi wetu, ati ni Akello, na ako na barua ya Sista Benedetta ya kusema ameruhusiwa kutoka siku mbili kwa wiki. Nikafungua rejista, nikaona Akello yupo. Sikuamini rejista peke yake, mimi si mjinga, nikapanda mpaka darasani nikahakikisha. Nikawaambia huyo si wetu, hiyo barua ameghushi, na karatasi ameiba." Mpishi mmoja akasema wezi wa siku hizi wamesoma. Bwana Mathenge akachukua githeri yake akaenda kukaa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Akello alikuwa amekwenda kwa Sista akasema ukweli wake wote, na Sista amempa ruhusa, naye akaapishwa asimwambie mtu. Kumbe siku ya kwanza aliyotoka kwa haki ndiyo siku niliyomfanya mwongo. Na dawa yake ilikuwa rahisi. Sista alikuwa Murang'a kwenye mkutano na angerudi kesho yake, lakini ofisini kulikuwa na simu, na hata bila Sista, ingetosha niingie ofisini niseme: rejista ni ya uongo, niliitikia mimi, huyo mliyemkataa ni Akello mwenyewe. Saa nane nilishuka bondeni. Nilifika mlangoni. Miss Nyawira alikuwa mezani, akainua macho. "Unataka nini, Muthoni?" Nikamwona Njoki amekalia sanduku. Nikasema, "Chaki, Miss." Akanipa vipande viwili, nami nikapanda navyo darasani.

Nimewahi kujaribu kujitetea. Nilijiambia polisi watachunguza, hawatamfukuza mtu kwa simu moja. Nilijiambia Sista atarudi asubuhi atengeneze mambo, na kulala kituoni siku moja hakujamuua mtu. Maneno hayo yote nilikuwa nayo mkononi tayari, kwa maana mwoga hakosi sababu. Jioni tuliketi kula, na nafasi ya Akello kwenye benchi ilikuwa wazi kando yangu. Mezani sote tulijua. Wairimu akauliza kama sahani ile ya Akello hailiwi, apewe yeye. Nikamsukumia.

Sista Benedetta alirudi Jumatano saa nne, na Bwana Mathenge alimpokea na kisa chake kabla hajavua koti. Tulisikia sauti yake kutoka bondeni, yeye ambaye hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akapiga simu kituoni. Wakamwambia lori la kupeleka wageni mpakani liliondoka alfajiri. Akapiga Malaba, laini haikushika hadi saa saba, na iliposhika akaambiwa wale watu wamekwisha kukabidhiwa upande wa pili. Ndipo akaja darasani, akasimama mbele yetu na rejista. Akauliza, "Nani aliitikia?" Nikasimama. Sikuwa na ushujaa wowote, miguu tu ilikuwa imechoka kukaa.

Alinipeleka ofisini kwake akafunga mlango. Alikuwa Mwitaliano, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota huku na huku, lakini siku ile kila neno lilikaa mahali pake. "Mimi naandikia serikali barua tatu," alisema. "Naomba huyu mtoto asome nusu, afanye kazi nusu, mpaka kwao kutulie. Jibu hapana kuja. Basi nikasema natoa ruhusa mimi mwenyewe. Nikaficha, sababu naogopa wengine watasema napendelea, na wakubwa watakasirika. Hata karani sikumwambia. Nilitaka kuandika kwenye rejista nikirudi." Kisha akauliza, "Jana ulijua saa ngapi kama yeye ameshikwa?" Nikasema saa saba. Akatazama simu iliyokuwa mezani, akaitazama muda mrefu. "Na Murang'a kuna simu," alisema. Nikangoja aniambie nikafunge sanduku. Nilitamani aniambie. Badala yake alisema, "Rudi darasani. Mimi na wewe tumeficha, yeye peke yake alisema kweli." Hakunifukuza, na nimekuwa mwalimu miaka thelathini na sita kwa sababu hakunifukuza.

Jumamosi nilikwenda kwa Mama Zuhura. Alikuwa amekaa mbele ya cherehani ile ya Akello bila kushona, mkono umelala juu ya gurudumu. Nilimweleza yote bila kujipunguzia. Hakunitukana, na laiti angenitukana. Alisema polisi walimrudishia lile furushi la sare, limefungwa vizuri, halijapungua kitu, kisha akaniuliza kama Akello alikuwa amekula asubuhi ile kabla ya kutoka. Sikujua. Nilikuwa nimelala karibu naye mwaka mzima, na sikujua kama alikula.

Barua ilikuja Januari, tuliporudi kuanza mwaka wa pili. Ilivushwa mpaka na mfanyabiashara wa Busia na kutiwa posta upande wetu, na bahasha iliandikwa jina la Akello kwa anwani ya chuo. Sista aliifungua, akaisoma, akaniita nami nisome. Ilikuwa ya mama yake, imeandikwa kwa Kiingereza na katekista kwa mwandiko mzuri wa shule. Alisema Krismasi walikula muhogo na kunywa chai kavu, na kanisani watu walikuwa wachache. Alisema kaka wawili wa Akello walichukuliwa siku mbili baada ya Krismasi. Alisema Akello asije, hata akisikia mama amekufa asije kuzika. "Kila jioni," aliandika, "nawaambia jirani zangu kwamba mmoja wangu yu hai, anasoma Nyeri, kwa watu wema."

Nilisoma mpaka mwisho nikarudi kwenye neno Krismasi. Akello alivushwa Malaba mwezi wa kumi na moja. Kutoka pale hadi Lira, hata mtu akitembea kwa kujificha, hata akiumwa, wiki mbili zingetosha, na Krismasi ilikuwa imepita mama yake akiwa hajamwona. Sista alinitazama nikihesabu, na nikajua naye alikuwa amehesabu kabla yangu. Aliniambia niijibu mimi, kwa kuwa nilikuwa rafiki yake, akanipa karatasi na kalamu akatoka. Nilikaa mle ofisini mpaka wenzangu wakaenda kunywa uji na kurudi. Niliandika Mama mpendwa, sikuandika kingine. Haikujibiwa barua ile, na Sista hakuniuliza tena. Yule mama, popote alipozikwa, alizikwa akijua binti yake yuko Nyeri.